Siku Niliyokuwa Peke Yangu Amsterdam

Bi Maryam amefariki, Mungu amrehemu, na tangu habari itoke simu yangu haijatulia. Kundi letu la akina mama wa Pwani hapa Minneapolis linamimina sifa asubuhi hadi jioni: Bi Maryam mama wa wote, Bi Maryam aliyetupokea uwanja wa ndege tukiwa na ndala miguuni na theluji nje, Bi Maryam ambaye jikoni kwake hakukosekani chakula. Yote hayo ni kweli, sikatai. Mimi mwenyewe nilikula jikoni humo. Lakini kila nikisoma hilo neno "mama wa wote" moto unanipanda kifuani, kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wa hao wote, na uko mwaka mmoja ambao mama wa wote alinifanyia jambo ambalo hakuna hata mmoja kundini anayelitaja. Nusu yao walikuwepo. Wengine walilisambaza wenyewe, kwa midomo yao hiyohiyo inayosifu leo. Nimeandika ujumbe wa rambirambi nikaufuta, nikaandika nikaufuta. Basi acha niandike huku.

Mwaka huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, sina mume, na kwa watu wetu hiyo peke yake ilikuwa habari ya kutosha kunihusu. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wauguzi namna ya kutumia mashine ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, na kampuni iliyoiunda ilikuwa ikinituma huku na huku. Nilikaa Columbia Heights, apatimenti ya vyumba viwili, mimi na Njeri, muuguzi kutoka Nyeri, mcheshi, mlokole, hodari wa kuchelewa kuosha vyombo. Lakini Jumamosi zangu zote zilikuwa Crystal, kitongoji kingine, nyumbani kwa Bi Maryam. Kule beismenti, chumba cha chini ya nyumba, kwenye zulia la kijani lililonuka sabuni kwa sababu mashine ya kufulia ilikuwa pembeni hapo, nilikuwa nikiwafundisha wasichana wadogo wa jamii yetu kusoma Kurani, na tukimaliza, Kiswahili kidogo. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu Kiingereza, nawarudisha, tunacheka. Rukia, kitinda mimba wa Bi Maryam, alikuwa na miaka tisa na alipenda kukaa mbele kabisa, goti lake likigusa langu. Tukishamaliza tunapanda juu kula mahamri kwa mbaazi za nazi, akina mama wameizunguka meza, kila mmoja anamkatiza mwenzake, Bi Maryam amesimama jikoni kwa sababu huyo hakuwa mtu wa kukaa chini. Marekani nzima hakuna mahali nilipopapenda kama pale. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilinyang'anywa nini.

Ilikuwa majira ya kuchipua, theluji imebaki vichuguu vyeusi kwenye maegesho ya magari, niliposema mezani pale kwamba kazi inanipeleka Amsterdam kwa wiki moja. Bi Maryam aligeuka na kijiko mkononi. "Amsterdam! Si ndiko aliko mdogo wangu Shamsa? Basi utampelekea mzigo." Hakuniuliza, alinipa habari. Kwetu ukitamka tu kwamba unasafiri, begi lako si lako tena, na hakuna anayeona ubaya. Mimi pia sikuona. Mzigo ulikuwa viungo vya pilau alivyovisaga mwenyewe, madera mawili mapya na chupa ya vitamini. "Jumamosi nenda ukale nao chakula cha mchana," akasema. "Na uvae lile gauni lako la samawati, wale ni watu wa heshima." Nikaitikia. Mtu mzima anakwambia uvae vizuri uendapo kwa watu, utauliza kwa nini?

Jumamosi hiyo, lakini, ilikuwa imeshapangwa kichwani mwangu. Nilikuwa sijawahi kupata siku nzima katika mji ambao hakuna anayenijua. Wiki nzima nilifundisha hospitali kutwa, jioni nimechoka, naangalia dirishani mwa hoteli naona daraja, na chini ya daraja maji, na watu wanapita na baiskeli kana kwamba wamezaliwa juu yake. Nikajiambia, Jumamosi nitaupeleka mzigo, nitakula kwa adabu, nitaaga, halafu mji huu utakuwa wangu mpaka giza. Nilinunua hata viatu vya kutembelea. Nilivificha mkobani chini ya viungo, kwa sababu gauni la samawati haliendi na raba.

Ngazi za nyumba ya Bi Shamsa zilisimama wima kama za kupandia darini. Nilifika juu nahema, mlango ukafunguliwa, nikapigwa na moshi wa udi. Udi, mchana, kwa mtu aliyeleta vitamini! Ningestuka hapo, lakini pumzi zilikuwa hazijanirudia. Ndani meza imejaa biriani, sambusa, sharubati ya ukwaju, vyombo vya kabatini vimetolewa. Akina mama watatu kwenye sofa, wamejifunga leso mpya. Na mkabala nao, kwenye kiti cha peke yake, mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, nywele bado zina maji, mikono magotini. "Huyu ni Idrisa, mtoto wa shemeji yangu," akasema Bi Shamsa. "Mtu wa kazi, fundi wa mabomba, hana neno na mtu." Nikamwamkia, nikakaa, nikapakuliwa sahani ya kulisha wawili.

"Maryam anasema wapika vizuri," akaanza wa kwanza.

"Najaribu."

"Na uraia wa Marekani, umeshapata?"

"Mwaka juzi."

"Mashallah. Hebu tuambie, raia akiolewa na mtu wa nje, huyo mume huchukua muda gani kufika?"

Sambusa ilinisimama kooni. Nikainua macho nitafute maji, na badala ya maji nikaona kabati, na juu ya kabati, ndani ya fremu, picha yangu. Mimi, nimevaa gauni hilihili la samawati, nacheka kwenye zulia la kijani, Idd ya mwaka uliopita. Bi Maryam ndiye aliyenipiga picha ile. Alisema ni ya kumbukumbu.

"Bi Shamsa," nikauliza, "picha yangu imefikaje hapa?"

"Si Maryam katuletea! Kwani hakukwambia?"

Yule Idrisa aliinua kichwa kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa umeiva kwa haya. "Samahani, dada," akasema. "Mimi niliambiwa unajua." Maskini ya Mungu, naye alikuwa ametiwa mtegoni kama mimi, ila yeye alikuwa amekaa kwao. Sikumchukia siku ile na simchukii leo.

Niliowachukia ni walionituma, na sababu yake niwaambie. Mimi si mtoto wa juzi, najua posa. Kwetu mposaji ndiye huja kwa watu wa mke. Huja na wazee wake, hubisha hodi, hukalishwa, husubirishwa, akarudishwa pengine mara mbili tatu kabla ya kujibiwa. Hata bibi zetu walioozwa bila ya kuulizwa walifuatwa makwao, wakakaa chumbani huku watu wazima wakihangaika kwa ajili yao. Mimi, mwenye kazi yangu, mwenye pasipoti yangu, nilipandishwa ndege nikajipeleke mwenyewe kwa mume, nikapande ngazi zile nikihema, nimevaa nilivyoamriwa, na viungo vya pilau ya watu nimebeba mwenyewe! Miaka yote hii, na bado sijalimeza.

Sikupiga kelele. Nilikunywa sharubati yangu mpaka mwisho, nikasema, "Mzigo umefika, chakula nimekula, ahsanteni, Mungu awabariki." Nikavaa raba zangu mbele yao wote, pale mlangoni, na gauni la samawati. Bi Shamsa akawa ananiita, "Mwanangu, rudi, hata chai hujanywa!" Nikashuka ngazi nimeshika ukuta.

Mifereji ya kwanza sikuiona. Niliipita nasema peke yangu kwa sauti, Kiswahili kitupu, naapa, nahesabu maneno nitakayomwambia Bi Maryam. Kilichonisimamisha ni korongo. Ndege mzima, wa kijivu, miguu mirefu, amesimama juu ya paa la gari lililoegeshwa ukingoni mwa maji, na watu wanampita kama wanavyopita nguzo ya taa. Nikasimama kumtazama. Naye akanitazama kwa jicho moja, akaona sina samaki, akaangalia pengine. Hapo nikagundua kwamba nimepotea, sijui hoteli iko wapi, na kwamba silazimiki kufika popote. Hasira haikuondoka, ila ilikaa chini.

Nikaanza kuuona mji. Nyumba nyembamba, ndefu, zimeegemeana, kila moja ina kulabu kubwa ya chuma juu kabisa ya kupandishia makabati, kwa sababu kwa ngazi zile hata godoro halipiti. Mashua zilizogeuzwa nyumba, na mbele ya moja mama mmoja anamwagilia nyanya zake ndani ya ndoo. Kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa madirisha. Hawana mapazia! Sisi mtu akihama nyumba kitu cha kwanza kununua ni pazia, kitanda baadaye. Kule nilimwona mzee anapiga pasi mashati yake, nikamwona mwanamke amelala kochini anasoma, miguu juu ya meza, hajali nani anapita. Nikasimama kwenye daraja nikamwangalia yule mwanamke muda mrefu kuliko inavyofaa kumwangalia mtu. Alikuwa peke yake ndani ya nyumba yenye mwanga, na hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu.

Alasiri niliswali kwenye kona ya bustani, nimetandika leso yangu kwenye majani. Kisha njaa ikanirudia, maana biriani ile sikuimaliza. Kando ya mfereji mmoja palikuwa na mkahawa wa samaki, meza nje. Kijana wa kuhudumu akaniuliza, mtu mmoja tu? Unajua nilifanya nini? Niligeuka nyuma kuangalia. Miaka thelathini na moja, na nilikuwa sijawahi kukaa mbele ya watu nikala peke yangu. Kwetu anayekula peke yake ni mchoyo au mgonjwa. "Ndiyo," nikamwambia, "mmoja." Akaleta samaki wa kukaanga vipandevipande na viazi, nikaanza kwa uma nikamalizia kwa vidole. Nikaagiza chai. Nikaagiza nyingine. Wenye mashua wakapita, wakanipungia mkono, nikawapungia. Jua lilikuwa upande wa pili wa maji na sikuwa nawaza kitu chochote, wala mume, wala figo za watu, wala Bi Maryam. Niliporudi hotelini magharibi imeshaingia, na mtu wa mapokezi akaniambia kuna mwanamke amepiga simu mara nyingi sana.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Crystal kama kawaida, na maneno yangu yote nimeyapanga. Nilikuwa navua viatu kwenye mlango wa nyuma, mafuta ya mahamri yanachacharika jikoni, nikasikia sauti ya Bi Zena, shoga yake mkubwa Bi Maryam. "Ametoka kwa Shamsa adhuhuri, hotelini anafika magharibi. Mji ule hana mtu hata mmoja. Sasa alikuwa wapi muda wote huo?"

"Hebu fikiri na wewe," Bi Maryam akamjibu. "Mwanamke hazururi kutwa bure. Kulikuwa na mtu anamngoja. Ndiyo maana hakumtaka kijana wetu, kumbe alikuwa na wake." Wakacheka, si kicheko kibaya hata, kicheko cha watu waliolifumbua jambo.

Nikaingia na kiatu kimoja mkononi. "Bi Maryam, hakukuwa na mtu."

Hakustuka. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naangalia mji."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

Akafuta mikono kwa kanga yake, akanitazama kwa huruma. Huruma! "Mwanangu," akasema, "mimi nimezaa watoto sita. Usinifanye mtoto." Kuhusu picha yangu, kuhusu posa, kuhusu kutumwa bila kuambiwa, hatukufika hata huko. Maneno niliyoyapanga yalibaki mdomoni, kwa sababu mimi nilikuja kudai na nikajikuta nimeshitakiwa.

Nilirudi Columbia Heights nalia kwa hasira. Njeri alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi, kisha akapiga meza kofi. "Lakini wewe pia! Si ungewaambia tu ulienda shopping? Shopping wangeelewa." Nikamwambia sikununua hata pini, na kwamba siwezi kusema uongo juu ya siku ambayo sikufanya kosa. Akanimiminia chai. Halafu, pole pole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa: "Lakini kwani ni kweli? Ulikuwa tu solo?" Hata Njeri!

Kufikia kiangazi mtu wangu alikuwa daktari. Kufikia Idd alikuwa na mke na mashua. Kila aliyepokea hadithi aliongeza kidogo ili asiipitishe mikono mitupu. Nikawa naalikwa harusini nakalishwa pamoja na wazee, mbali na wasichana. Kisha Jumamosi moja nikashuka beismenti nikakuta mwanamke mwingine ameketi kwenye zulia mahali pangu, na wasichana wamemzunguka, na wote wakainamisha vichwa. Bi Maryam alikuwa ngazini nyuma yangu. "Wazazi wameona upumzike kidogo," akasema. "Wazazi gani?" nikamuuliza. "Wazazi," akasema. Nilipokuwa napanda nikamsikia Rukia: "Why is Auntie Zaituni leaving?" Hakuna aliyemjibu. Jumamosi zilizobaki za mwaka ule nilizunguka maziwa ya Minneapolis kwa miguu, majani yakageuka rangi, maji yakaganda, na mimi nazunguka. Ndipo nilipojifunza kwamba naweza kukosa watu nisife. Lakini sikutaka kujifunza namna ile.

Baadaye maisha yaliendelea. Niliolewa, na aliyenioa alikuja mwenyewe kubisha hodi. Njeri alihamia Woodbury kwenye nyumba yenye gereji ya magari matatu. Na Bi Maryam akanipigia siku moja, baada ya miaka, kuniomba nisaidie kupika kwenye harusi ya bintiye mkubwa, kana kwamba tuliachana jana. Sisi hatuombani radhi, tunaalikana, na ukienda imeisha. Nilikwenda. Nilipika. Lakini darasa halikurudi, na wale wasichana leo ni wanawake, wengi wanakielewa Kiswahili wala hawakisemi.

Jana nilikwenda matangani. Nyumba ileile ya Crystal, wanaume sebuleni, sisi wanawake chumba cha kulia mpaka jikoni, viti vimejaa. Baada ya dua Rukia alisimama mlangoni. Sasa ni mama wa watoto wawili, ana uso wa mama yake. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, alichokuwa amekikariri, masikini: "Mama yetu ameondoka. Kama kuna mtu alimkosea, tunaomba amsamehe." Wote wakaitikia kwa pamoja, tumemsamehe, tumemsamehe. Mimi sikuitikia. Nilidhani sitaonekana, lakini Rukia alikuwa ananitazama mimi.

"Auntie?" akasema.

Chumba kikageuka. Nikasimama. "Mama yako alisema nilikuwa na mwanamume Amsterdam," nikasema. "Mliokuwepo mnajua. Kwa neno hilo nilinyang'anywa nyinyi, wewe na wenzako. Sikuwa na mtu. Nilizunguka mji, nikaswali, nikala samaki. Basi."

Mtu akakohoa. Kisha Bi Zena, ambaye sasa haoni vizuri na amefungwa shali tatu, akanishika mkono, akanivuta karibu, na kwa sauti tamu kabisa, ya mtu asiye na ubaya wowote tena, akaniuliza: "Mwanangu, hayo yamekwisha pita. Alikuwa mzungu, au mtu wetu?"

"Hakukuwa na mtu, Bi Zena!" Wanaume wa sebuleni wakaacha kuzungumza. "Hakukuwa na mtu, na ilikuwa siku nzuri kuliko nyingi nilizokaa na watu!"

Rukia alikuwa bado amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, anangoja kama nitamsamehe mama yake.

"Sasa nimemsamehe," nikamwambia.